Mwisho Nilioubadilisha

Kwa miaka mitatu mume wangu alimdanganya baba yake kila Jumapili, na mimi nilikuwa palepale jikoni nikisikia kila neno.

Tulihamia Toronto mwaka 2005, sisi wawili na binti yetu ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka miwili. Tanzania nilikuwa mwalimu wa fasihi katika sekondari moja mkoani Dodoma. Mume wangu alikuwa mpima ardhi wa wilaya, mtu wa buti na kofia pana, ambaye ukimtajia kijiji anakuambia mawe yake ya mipaka yako wapi na nani aliyang'oa. Karatasi zetu za uhamiaji zilisema sisi ni wataalamu, nasi tukaziamini. Tulipofika, vyeti vyetu vilipokelewa kwa adabu, vikapitiwa kwa miezi mingi, kisha tukaelezwa kwa adabu ileile kwamba tungehitaji kusoma upya karibu kila kitu. Wakati tunajipanga, mimi nikapata kazi katika kiwanda cha kukata matunda, yale yanayouzwa madukani kwenye vibakuli vya plastiki. Yeye akapata kazi katika kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali.

Sizisimangi kazi hizo, zilitulisha. Chumba chetu cha matunda kilikuwa baridi muda wote, kwa hiyo hata kiangazi, watu wakitembea nje na kaptula, sisi tulikata matikiti tumevaa makoti na glavu mbili mbili. Kwa mume wangu shida ilikuwa joto. Mashuka yalikuja kwa matoroli kutoka hospitali kadhaa, yakapita kwenye mashine ndefu kama behewa la treni, kisha kwenye mtambo wa pasi unaovuta shuka upande huu na kulitoa upande wa pili likiwa limenyooka. Alirudi nyumbani ananukia sabuni, na mwanamume ambaye Dodoma hakuwahi kushika pasi sasa aliweza kukunja shuka likawa dogo kama kitabu.

Baba mkwe wangu aliishi Kondoa. Alikuwa muuguzi mstaafu wa hospitali ya wilaya, mjane, mtu wa maneno machache. Jumapili ya kwanza tulipompigia kwa kadi ya simu, aliuliza kama mwanawe ameshapata kazi. Mume wangu akajibu kwamba ameshapata. Mzee akauliza kama ni ileile yake. Nakumbuka mume wangu alinitazama, kisha akageukia dirisha na kusema, "Ileile, baba."

Neno hilo moja likaanza kuzaa mengine. Kazi ikapata ofisi, ofisi ikapata ghorofa ya kumi na mbili, na ghorofa ikapata dirisha linalotazama ziwa. Kiangazi cha pili mzee aliomba picha. Mume wangu akavaa suti yake ya harusi, tukapanda basi na treni kutoka kwetu Scarborough, pembeni ya Toronto, mpaka katikati ya jiji, akasimama mbele ya jengo la vioo ambalo hatukujua ni la nani. Mimi ndiye niliyepiga ile picha. Nilimwambia hata ainue kidevu. Tulisikia baadaye kwamba mzee aliitia kwenye fremu na kuitundika sebuleni, na kwamba majirani walikuwa wakiletwa kuitazama na kuambiwa, "Huyu yuko Marekani, anachora ramani." Canada na Marekani kwa majirani wale ni kitu kimoja.

Niliwahi kumwambia tuache. Alinijibu kwamba ataacha siku kazi ya upimaji itakapopatikana, na uongo huo utageuka kweli bila mtu kuumia. Sikumbishia, kwa sababu mama yangu mwenyewe alikuwa anaamini nafundisha.

Nilibadilishia mabasi mbele ya maktaba moja ndogo, pembeni ya maduka, na majira ya baridi ya mwaka wa tatu nikawa naingia humo kupata joto. Mkutubi, mwanamke mwenye asili ya Jamaika aliyevaa miwani yenye mnyororo, aliniona mara nyingi nimesimama kwenye rafu ya riwaya bila kuchukua kitu. Siku moja akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani nyumbani. Nilipomwambia, hakunionea huruma. Alinipa karatasi yenye siku na saa ya kikundi cha wasomaji. Tulikuwa watu wanane, wote tumetoka mahali pengine, tukikutana Jumamosi alasiri kuzunguka meza ya watoto kwa sababu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Mkutubi alituchagulia riwaya za Kimarekani zinazowahusu watu waliohamia. Alidhani tungejiona humo, na hakukosea. Katika riwaya ya kwanza mhusika alisimama kwenye ghala la nyama akihesabu dakika za mapumziko, na nilipoisoma nilihisi kama mwandishi aliwahi kuingia kiwandani kwetu na kusimama nyuma yangu. Nilikuwa nimefundisha fasihi miaka tisa, nikiwaambia wanafunzi kwamba riwaya ni kioo cha jamii kwa sababu ndivyo mtihani ulivyotaka. Nilikuwa sijawahi kujitazama mwenyewe humo.

Lakini vitabu vile vyote vilielekea kubaya. Mtu anaota Amerika, anafika, Amerika inamvunja, kitabu kinakwisha. Mmoja alifia kwenye moto wa kiwanda, mmoja akarukwa na akili, mmoja akafungwa. Kwenye kikundi alikuwapo mzee mmoja kutoka Sri Lanka, Mtamil, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule kwao na ambaye Toronto alifanya kazi ya ulinzi wa maegesho ya magari. Tulipomaliza kitabu cha tatu aliondoa kofia, akaiweka mezani, akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kati yetu amekufa?" aliuliza.

Tulicheka, ila yeye hakuwa anatania. Alisema waandishi hawa wanajua vizuri jinsi mtu anavyoanguka, na hilo anawashukuru, lakini hawajui anafanya nini Jumatatu inayofuata. Mimi nikawatetea waandishi kwa maneno yangu ya darasani: bila mgogoro hakuna hadithi, na mtu aliyekata matikiti mpaka akastaafu haandikiwi kitabu. Aliniuliza kama nayaamini niliyosema. Nikamjibu kwamba nimeyafundisha.

Kitabu cha nne ndicho kilichoingia nyumbani kwetu.

Mume wangu hakuwa msomaji wa riwaya. Kiingereza alikijua, alichokosa ni subira. Alisema hawezi kusoma kurasa mia tatu za habari za mtu ambaye hayupo. Hata hivyo alipenda kusimuliwa. Jumapili asubuhi, kabla ya kumpigia baba yake, alikuwa anapiga pasi nguo za wiki nzima, na mimi nikipika nilimsimulia kwa Kiswahili sura nilizosoma. Binti yetu alichora sakafuni, akisikiliza Kiswahili na kuuliza maswali yake kwa Kiingereza.

Riwaya hiyo ilimhusu kijana wa kisiwani aliyekwenda kuosha vyombo katika hoteli ya mji mkubwa wa Marekani. Alimwandikia mama yake kwamba yeye ni meneja wa hoteli hiyo. Katika barua alielezea meza yake, kalamu zake, wageni wanaomwamkia. Nilipofika sehemu hiyo niliona nimejiingiza pabaya, lakini nilishaanza na sikuweza kuruka. Nilisimulia huku nikitazama sufuria. Pasi ilisimama. Nikasikia inaendelea. Jumapili iliyofuata mume wangu mwenyewe akauliza, "Haya, yule mwosha vyombo kaandika nini tena?"

Kwa wiki tano alimfuatilia mtu yule kuliko nilivyowahi kumwona akifuatilia mpira. Alimlaumu sana. Alisema ni mjinga, kwamba barua ya kwanza ingesamehewa, lakini hii ya kalamu ilikuwa ya nini? Hakutaja picha ya suti, nami sikuitaja.

Kisha nikasoma mwisho, peke yangu, kwenye kiti cha nyuma cha basi. Mama anaugua. Anamwomba mwanawe aje amwone, kwa kuwa meneja hawezi kukosa ruhusa. Kijana hawezi kwenda, kwa sababu mtu aliyemjenga kwenye barua siye atakayeshuka kwenye meli. Mama anafariki bila kujua. Ukurasa wa mwisho kijana anakaa kwenye ngazi za hoteli akiandika barua nyingine, kwa nyumba ambayo haina mtu. Ulikuwa mwisho mzuri sana kwa uandishi, na nilishuka kituo kisicho changu.

Jumapili ilipofika sikuwa nimeamua chochote. Alikuwa ananyoosha shati la sare yake. Nikamsimulia ugonjwa wa mama, nikamsimulia ombi lake, na nilipofika kwenye kifo nikashindwa. Nikasema kijana aliingia kwenye kibanda cha simu kilichokuwa mbele ya hoteli, akapiga simu ya jirani, akaomba aitiwe mama yake, akamwambia kila kitu.

"Mama akasemaje?" aliuliza.

Hilo sikuwa nimeliandaa. "Akamuuliza kama anakula vizuri," nikasema.

"Hakugomba?"

"Hakugomba."

"Basi?"

"Basi, kitabu kimeisha."

Aliisimamisha pasi kwa uangalifu. Akarudia mkono wa shati ambao ulikuwa umeshanyooka. Siku hiyo alimpigia baba yake kama kawaida na wakazungumza habari za theluji.

Ilikuwa Jumapili ya pili baada ya hapo. Simu tulikuwa tunaiweka spika ili mtoto amsalimie babu. Akamaliza shikamoo yake, akarudi kwenye rangi zake, na mume wangu akavuta kiti karibu na simu.

"Baba, kuna jambo nataka kukuambia. Ile kazi ya ramani haipo. Haikuwahi kuwapo. Nafua mashuka."

Nilizima jiko. Upande wa pili tulisikia redio ya mzee, kisha tukasikia akiizima.

"Mashuka ya nani?"

"Ya hospitali, baba."

"Kwa mikono au mashine?"

"Mashine."

"Madoa ya damu yanatoka?"

"Yanatoka. Tunaanza na maji ya baridi."

"Maji ya baridi, sawa," alisema mzee, kwa sauti ya mtu anayesahihisha mtihani. "Ya moto yanagandisha."

Mume wangu alifunika uso kwa kiganja. Mzee akaendelea, na sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kama siku ile. Alisema alifanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini na shida yake kubwa haikuwa dawa wala madaktari, ilikuwa mashuka. Kuna siku alilaza wagonjwa wawili juu ya moja, na siku nyingine aliwaomba ndugu walete kanga. Aliuliza mashine inafua mangapi kwa saa, na alipoambiwa akaomba atajiwe tena.

Mume wangu akamwomba radhi. Mzee akasema alijua siku nyingi.

"Ulipokuwa unapima viwanja ulikuwa hunipi nafasi ya kula, unanieleza mipaka tu. Sasa miaka mitatu unanieleza hali ya hewa. Nilikuwa nangoja uchoke."

"Picha uitoe ukutani, baba."

"Picha itakaa. Suti imekukaa vizuri."

Simu ilipokatika mume wangu alitoka nje, kwenye kibaraza cha ghorofa yetu, bila koti, akasimama huko mpaka nikamfuata na koti. Nilimkuta anatabasamu na macho yamelowa. Wiki ileile nami nikampigia mama yangu. Yeye aligomba, na vizuri tu, karibu kadi nzima ya simu.

Sitasema kila mtu alipokea kwa upole. Mzee aliwaambia majirani mwenyewe, bila kuficha, na wapo waliocheka. Shemeji yangu mmoja alituma ujumbe akiuliza kama tulivuka bahari ili tukawe madobi. Uliniuma. Mume wangu aliusoma, akasema dobi ni kazi, akaenda zamu yake. Tangu siku ile aliacha kusema, kama alivyozoea, "siku mambo yakikaa sawa". Alikwenda chuoni akauliza ni masomo gani hasa aliyopungukiwa, na badala ya kuyatazama yote kwa pamoja akaanza na mawili. Nadhani ule uongo ulikuwa unamchosha kuliko mashuka.

Mimi nilikaa na siri yangu. Kwenye kikundi niliogopa kumwambia mtu kwamba nimemharibia mwandishi kitabu. Niliwaza kuisema nyumbani, kisha nikaona kwamba kila kitu kinakwenda vizuri na haina haja. Miaka mitatu ikapita hivyo. Mambo ambayo mume wangu alikuwa anajiambia kuhusu ramani, sasa nilikuwa najiambia mimi kuhusu riwaya.

Mwaka 2011 alibakiza masomo machache apate cheti cha ufundi wa upimaji, na mojawapo lilikuwa Kiingereza cha uandishi. Waliambiwa waandike insha kuhusu riwaya yoyote. Alirudi amefurahi, akasema bahati nzuri kuna riwaya moja anaijua kuliko mwandishi. Nilikuwa naosha vyombo. Nikamshauri achague nyingine. Akasema nyingine ya nini. Nikasema labda fupi zaidi. Akasema hahitaji kuisoma hii, ni sawa na fupi. Na hapo pia ningeweza kusema, lakini sikusema.

Insha ilirudi baada ya wiki mbili. Aliiweka mezani mbele yangu na hakukaa. Mwalimu alikuwa amesifu sentensi zake, akazungushia duara aya nzima ya mwisho, ile ya simu na mama anayeuliza kama mwanawe anakula vizuri. Pembeni aliandika kwa kalamu ya kijani kwamba mwisho huu haumo kitabuni, na akauliza kwa upole kama amekisoma. Alimruhusu aandike upya.

"Mwalimu," mume wangu aliniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita, "yule mama alisemaje kwenye simu?"

"Hakukuwa na simu," nikasema.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza amesimama, akauliza kitabu kiko wapi, nikamwambia maktaba. Kesho yake alikiazima. Alikisoma kwenye basi la kwenda kazini na la kurudi, kwa siku sita, na katika siku hizo hatukuzungumza juu yake. Nilipika vyakula anavyopenda kama mtu mwenye kesi.

Alipomaliza alikuja kukaa nami kwenye kochi. Alisema mwandishi ameandika vizuri sana, hasa zile ngazi za hoteli. Alisema hata yeye angeandika hivyo kama angekuwa anaijua Marekani tu na hamjui baba. Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza mwenyewe mara nyingi.

"Ungenisimulia mwisho wa kweli, unadhani ningempigia?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema. "Pengine ningempigia siku ileile, kwa woga." Alifikiri kidogo. "Lakini ningempigia nikiwa na woga. Kwa mwisho wako nilimpigia nikiwa na hamu."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kuikumbuka ile aya yake, jinsi alivyomwandikia mwalimu kwa kujiamini kwamba mama wa kisiwani ndiye mhusika mwenye hekima kuliko wote. Binti yetu, aliyekuwa sasa na miaka minane, akatoka chumbani kuuliza kwa Kiingereza kuna nini. Tulimweleza kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema mama kadanganya, akarudi chumbani.

Insha ya pili aliifaulu. Mwaka uliofuata alipata kazi na kampuni ndogo ya upimaji, tukahamia mtaa wa Malvern kuwa karibu na viwanja alivyokuwa akipima. Mimi niliacha matunda, nikawa msaidizi wa darasa katika shule ya msingi, na Jumamosi niliendelea na kikundi. Nilipowasimulia habari hii hatimaye, mkutubi alijishika kichwa, na mzee wa Sri Lanka akacheka mpaka akafuta miwani.

Tulitoka pamoja siku hiyo, yeye na mimi, tukangoja basi. Akaniambia kwamba naye aliwahi kuwaandikia wanafunzi wake wa zamani kuwa anafundisha Toronto, na hakusahihisha. Kisha vita vya kwao vikawatawanya wanafunzi wale, na baadhi yao wakaanza kufika Toronto wenyewe. Mwezi uliopita mmoja, ambaye sasa ni daktari wa meno, aliingia na gari kwenye maegesho, akamwona ndani ya kibanda amevaa sare ya ulinzi. Alizima gari katikati ya njia, akashuka, akainama akamgusa miguu kama walivyofundishwa kumwamkia mwalimu. Magari manne yalikuwa nyuma yakipiga honi.

"Ukafanya nini?" niliuliza.

"Nikamwekea mkono kichwani, nikamwambia ahamishe gari," alisema. "Halafu nikamuuliza kama bado anachelewa."

Basi likaja. Alinipisha nipande kwanza, tukakaa kiti cha mbele, akanieleza jinsi kijana yule alivyokuwa akichelewa shule kila siku kwa miaka minne.